Uzi: Programu za kupinga uonevu shuleni, zinapunguza kitu kweli au ni mabango tu?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Kila mwaka wa masomo ukianza wazazi huniuliza jambo lilelile: hizi programu za kupinga uonevu zinasaidia, au ni shule kujipamba? Mjadala wenyewe una kambi mbili. Wapo wanaoamini bango la rangi na hotuba ya asubuhi moja vitamaliza kila kitu, na wapo wanaosema watoto wameoneana tangu dunia iumbwe, waacheni wakomae. Kambi zote mbili zinakwepa kazi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Watoto wawili wenye nguvu sawa wakigombania mpira, huo ni ugomvi, utaisha kabla ya kengele. Uonevu ni pale mtu anapofanyiwa ubaya kwa makusudi, tena na tena, na hana namna rahisi ya kujitetea kwa sababu ya umbo lake, wingi wa wanaomwandama au unyonge wake darasani. Ufafanuzi huo kwa sehemu kubwa ni wa Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norway.

Olweus huyohuyo ni miongoni mwa watu wa kwanza kupima kama shule inaweza kufanya lolote. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, na ikaonekana uonevu wa wenzao ulichangia sana. Nchi ikashtuka. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima, na Olweus akafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za Bergen hadi 1985. Akaripoti kwamba uonevu ulipungua kwa karibu nusu. Habari hiyo ilienea, na programu nyingi zilizofuata zimechota humo.

Ila kuna sehemu ambayo wauzaji wa programu hawapendi kuisimulia. Kampeni hiyohiyo ilipimwa pia mkoa wa Rogaland na Erling Roland. Miaka mitatu baadaye, huko hali haikuwa imepungua, na kwa wavulana ilikuwa imeongezeka kidogo. Nchi moja, kijitabu kimoja cha walimu, filamu ileile. Tofauti ni kwamba Bergen watafiti walikuwa bega kwa bega na shule, wakiwarudishia walimu matokeo ya dodoso na kukaa nao kuyasoma. Rogaland shule zilipelekewa vifaa, basi. Na hata huko, shule zilizovitumia kwa bidii zilikuwa na hali nzuri kuliko zilizoviweka kabatini.

Ndiyo maana nikiulizwa kama programu zinafanya kazi, huwa nauliza kwanza: ni nani anayezifanya, na wiki ya ishirini bado anazifanya?

Karibuni.

Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Mwalimu endelea.

Mpima Maji

Mleta uzi umeanza vizuri, lakini mimi ni mtu wa takwimu, hadithi mbili za Norway hazinitoshi. Tafiti zote zikiwekwa pamoja zinasemaje?

Na kabla hujajibu: kuna utafiti wa Marekani wa 2013, wanafunzi zaidi ya 7,000, ulioonyesha kuwa wanafunzi wa shule zenye programu ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameonewa. Magazeti yaliupigia tarumbeta sana. Unauweka wapi?

Chaki Nyeupe

Mkuu, nashukuru kwa kuuleta. Utafiti ule ulikuwa picha ya mara moja. Haukufuatilia shule kabla na baada, wala haukugawa shule kwa kura. Ukiingia nyumba zenye ndoo sebuleni utakuta ndizo zinazovuja zaidi, lakini ndoo haikutoboa paa. Shule yenye tatizo ndiyo inayokimbilia programu. Halafu mtoto aliyefundishwa uonevu ni nini atautaja kwenye dodoso, wakati mwenzake wa shule nyingine anadhani ni maisha ya kawaida.

Kuhusu tafiti kuwekwa pamoja: Hannah Gaffney, Maria Ttofi na David Farrington walichambua tathmini 100 na kutoa matokeo mwaka 2019. Kwa wastani programu zilipunguza kuonea wenzao kwa kama asilimia 19 hadi 20, na kuonewa kwa kama asilimia 15 hadi 16.

Kwa hiyo anayesema hazifanyi kitu anakosea, na anayesema zinamaliza uonevu anakosea zaidi. Chukua shule ya wanafunzi 1,000 ambamo 200 wanaonewa. Punguza asilimia 15, watoto 30 wamepona. Kwa wazazi wa hao 30 hiyo ni habari kubwa. Lakini 170 wamebaki, na shule yenye cheti ukutani inaweza kuwasahau kwa urahisi kuliko shule isiyo na kitu.

Mpima Maji

Hapo sawa. Ila niongeze chumvi kidogo kwenye huo wastani. Programu inayosifiwa kuliko zote siku hizi ni KiVa ya Finland, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Turku chini ya Christina Salmivalli. Jaribio lao la 2007 hadi 2009 lilihusisha shule 234, zikagawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yalikuwa mazuri hasa kwa watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2009 ikasambazwa nchi nzima. Athari ikabaki, lakini ikawa ndogo kuliko kwenye jaribio.

Ikapelekwa Wales kwenye jaribio la shule 21: hakuna tofauti iliyoonekana. Baadaye likafanyika kubwa zaidi Wales na Uingereza, shule zaidi ya 100, matokeo yakatoka 2024: kuonewa kulipungua, lakini kwa kiasi kidogo, kama asilimia 13.

Kwa hiyo kitu kikiwa mikononi mwa waliokitunga kinang'aa. Kikikabidhiwa kwa walimu wenye madaftari ya kusahihisha mpaka usiku, kinafifia. Silaumu walimu, nasema tu bei kamili ya programu ni muda wao, na huo haumo kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Bwana Zamu

Nimefundisha mpaka nimestaafu, nimekuwa mwalimu wa nidhamu miaka mingi. Niwaambie ukweli ambao hamtaupenda: fukuzeni wawili mbele ya mkutano wa asubuhi, shule nzima itanyooka. Hizi dodoso na vikao vya kuongea hisia ni kuwapa wahuni muda wa kujipanga.

Mama Pacha

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, wangu hapigwi na mtu. Hakuna wa kumfukuza. Akikaa mezani, wenzake wanahama. Akiuliza swali darasani, kuna wawili nyuma wanakohoa kila mara, na darasa linacheka. Mwalimu akigeuka, kimya, wote wanaandika. Utamfukuza mtu kwa kukohoa?

Na mtoto kanikataza nisiende shuleni. Anasema nikienda itakuwa mbaya zaidi.

Bwana Zamu

Marahaba binti. Hilo la kukohoa kweli lina ujanja wake.

Chaki Nyeupe

Mzee Zamu, shikamoo. Suala la kufukuza lilishachunguzwa. Mwaka 2008 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia ushahidi wa sera za kutovumilia kosa hata moja, likakuta hazikuonyesha kuwa zinafanya shule kuwa salama zaidi. Kwa uonevu kuna tatizo la ziada: adhabu ikiwa kubwa mno, watoto hawasemi. Anayeonewa anaogopa kisasi, na shahidi hataki kuwa sababu ya mwenzake kukosa shule. Hata mwalimu husita. Unabaki na sheria kali na daftari la matukio lisilo na kitu, na mkuu wa shule anatangaza hakuna uonevu kwake.

Nisieleweke vibaya, simaanishi mwonevu abembelezwe. Katika uchambuzi wa awali wa Ttofi na Farrington wa 2011, hatua thabiti za nidhamu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoambatana na programu zilizofaulu, pamoja na mikutano ya wazazi na usimamizi mzuri wa viwanja vya michezo. Pia programu ndefu na nzito ziliwashinda vijisemina. Kinachosaidia ni mtoto kujua kwa uhakika kwamba jambo litafuatiliwa. Ukubwa wa adhabu unakuja nyuma sana.

Na kuna jambo tusilipitie mbio. Mtoto anajifunza matumizi ya nguvu kwa kumtazama aliye juu yake. Uganda kuna programu ya shirika la Raising Voices iliyolenga shule nzima, wakiwemo walimu. Jaribio la shule 42 za msingi wilayani Luwero, lililochapishwa 2015, lilionyesha ukatili wa kimwili wa walimu kwa wanafunzi ulipungua kwa asilimia 42. Shule ambayo mtu mzima anamdhalilisha mtoto mbele ya darasa kisha inabandika bango la kupinga uonevu, watoto wanalisoma bango hilo vizuri kuliko tunavyodhani.

Mama Pacha, nakujia sasa hivi, lako ni zito.

Dirishani

Wakati tunamsubiri mwalimu, mimi nataka tuongelee hao wanaocheka. Mama kasema wawili wanakohoa na darasa zima linacheka. Tiba yote tunaielekeza kwa wale wawili. Lakini kikohozi bila kicheko ni mafua tu.

Watafiti wa Kanada (Hawkins, Pepler na Craig, 2001) walirekodi watoto viwanjani kwa kamera na vinasa sauti. Katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu kulikuwa na wenzao wakitazama. Walioingilia walikuwa asilimia 19 tu. Na walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikatika ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10! Hakuna mwalimu wa zamu anayeweza kufika kwa kasi hiyo.

Chaki Nyeupe

Umenigusa penyewe. Salmivalli na wenzake walianza na hilo tangu 1996: darasani kuna anayeonea, kuna wapambe wake, kuna wachekaji wanaompa moyo, kuna wanaojitenga, kuna watetezi. KiVa imejengwa juu ya hapo, inalenga watazamaji zaidi ya mwonevu mwenyewe.

Lakini tahadhari. Kumwambia mtoto "mtetee mwenzako" bila kumpa ulinzi ni kumtuma vitani mikono mitupu. Ule uchambuzi wa 2011 ulikuta baadhi ya kazi za kutumia wanafunzi wenza ziliambatana na kuonewa kuongezeka. Watafiti wamebishana sana juu ya tafsiri ya hilo. Ila mimi siwezi kumkalisha mwonevu na anayeonewa meza moja eti mwanafunzi mwenzao awapatanishe kama vile wamegombana. Mmoja ana jeshi nyuma yake, mwingine hana mtu. Atakubali kila kitu ili atoke humo chumbani.

Mama Pacha, kesi kama yako huendeshwa hivi. Naanza na mtoto wako peke yake, mahali ambapo kuitwa kwake hakutagunduliwa. Simuulizi "kwa nini hukusema mapema". Namuuliza nani, wapi, kipindi gani, na darasani ni nani angalau hamcheki. Kisha nawaita wahusika mmoja mmoja, siku moja, wakifuatana, ili wasipate nafasi ya kupanga kauli. Mtoto aliyezoea kushitakiwa huingia na utetezi wake mkononi: "Mimi nilikuwa na mafua." Namwambia sijamuita kwa ajili ya mafua. Namwambia kuna mwenzake hana raha darasani, na namuuliza yeye kesho atafanya nini. Hapo huwa kuna ukimya mrefu. Siujazi. Mwisho anasema kitu kidogo: "Nitakaa hapohapo akija." Naandika. Nampa tarehe ya kurudi kuniambia ilikwendaje.

Wengine hutumia njia ya kumkabili moja kwa moja: tunajua ulichofanya, kinakoma leo. Garandeau na wenzake walilinganisha njia hizo ndani ya KiVa, matokeo 2014: hazikutofautiana sana, na kwa jumla walioonewa walisema uonevu ulikoma katika karibu kesi nne kati ya tano. Chagua uliyo na ubavu nayo. Kinachoharibu kesi nyingi ni kikao cha pili kutofanyika.

Fidhuli Mstaafu

Mwalimu, hayo ya "nitakaa hapohapo akija" yanawezekana kwa watoto wa miaka tisa. Jaribu kwa wa miaka kumi na sita uone kama hawatakuigiza sauti bwenini usiku mzima.

Mpima Maji

Fidhuli kasema kwa ufidhuli wake lakini ana ushahidi upande wake. David Yeager na wenzake mwaka 2015 walichambua programu kwa umri. Kwa watoto wadogo zilisaidia. Kuanzia darasa la nane hivi athari ya wastani ilishuka mpaka sifuri, na kulikuwa na dalili kwamba huenda zikadhuru.

Sababu naona ziko wazi. Kijana wa umri huo akihubiriwa anahisi anafanywa mtoto. Tena anayeonea wenzake sekondari mara nyingi si yule mpweke mwenye hasira tunayemchora kwenye mabango. Ni nyota: anachekesha, ana wafuasi, walimu wanampenda. Unamfundisha huruma wakati anazijua hisia za watu vizuri sana, ndiyo maana anajua pa kuchoma.

Chaki Nyeupe

Kweli, na hata KiVa ilionekana kutowagusa sana waonevu wenye umaarufu mkubwa. Somo la huruma halimpi sababu ya kuacha kitu kinachomlipa.

Kwa vijana njia iliyonivutia ni ya Elizabeth Levy Paluck na wenzake huko New Jersey, ilichapishwa 2016. Shule 56. Walichora mtandao wa nani anakaa na nani, wakachagua kikundi kidogo cha wanafunzi katika kila shule ya jaribio, wakawaachia wenyewe waamue ni tabia gani wanataka ipungue na waipinge kwa namna yao. Ripoti za migogoro zilishuka, na zilishuka zaidi pale kikundi kilipokuwa na wanafunzi wengi wanaotazamwa na wenzao. Zingatia kwamba hao si lazima wawe wale walimu wanaowachagua kuwa viranja. Sisi huchagua wenye adabu. Wanafunzi humtazama mtu mwingine kabisa.

Mama Pacha

Asante mwalimu. Nimesoma mara mbili. Sasa mimi si mtafiti, nina kikao na shule. Niulize nini ili nijue kama wana programu au wana bango?

Chaki Nyeupe

Uliza dodoso la mwisho la siri lilifanyika lini na matokeo ya darasa la mwanao yalikuwaje. Sharti liwe la siri, bila jina, na liulize kipindi maalumu, mfano miezi miwili iliyopita umeonewa mara ngapi, wapi. Wakisema "hatujapokea malalamiko", hicho si kipimo.

Kisha uliza jina la mtu anayeshika kesi. "Walimu wote" maana yake hakuna. Uliza akimaliza kikao cha kwanza anarudi kumuona mtoto baada ya muda gani. Na uliza nani anasimama wapi wakati wa mapumziko, maana dodoso likitaja korido ya nyuma ya maktaba na mwalimu wa zamu amekaa kivulini mbele ya ofisi, mmepoteza karatasi.

Usimtaje mwanao mbele ya wazazi wengine. Omba muda wa faragha.

Dirishani

Niulize la mwisho. Shule ikifaulu kweli, uonevu ukashuka, yule mmoja aliyebaki anaonewa hali yake inakuwaje?

Chaki Nyeupe

Inaweza kuwa mbaya zaidi, na hili limeonekana katika tafiti kadhaa, zikiwemo za shule zenye KiVa. Darasa likiwa na wanaoonewa wengi, mtoto anajiambia darasa ni baya. Akibaki peke yake kwenye darasa lenye amani, anajiambia ubaya uko kwake. Wastani wa shule unapendeza, yeye anazama.

Kwa hiyo kwenye dodoso mimi siangalii asilimia peke yake. Najua hakuna majina, lakini karatasi ikisema "mara kadhaa kwa wiki, darasani, kwa zaidi ya mwaka", naenda kukaa nyuma ya darasa hilo vipindi kadhaa, nitazame nani anahamwa meza.

Bwana Zamu

Mwalimu, hilo la kukaa nyuma ya darasa nakubaliana nalo mia kwa mia. Sisi tulikuwa tunasimama mlangoni. Mlangoni huoni kitu.

Mama Pacha

Kikao ni Jumatano asubuhi. Nitarudi hapa kuwaambia walivyojibu hilo la dodoso.